Pini ya Begani

Morena Tlhoriso, chifu wetu, Mganga Mfawidhi, wauguzi, akina 'm'e na akina ntate, mama na baba zetu mliopanda kilima na baridi hii: khotso, amani kwenu.

Nimepewa dakika tano za kumuaga 'M'e 'Mapontšo Khiba, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi.

Nani hapa hakunicheka mwaka ule nilipoanza kufunga blanketi kifuani kama mwanamke? Mwanamume wa hapa hubana pini bega la kulia. Mlisema, "Mwalimu huyu, miaka thelathini yuko Quthing, blanketi bado linamshinda." Morena, nawe ulicheka; nilikuona. Niliwaacha mcheke, maana ilikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba mkono hauinuki tena.

Lugha ya kwetu, ambayo hapa sina wa kuizungumza naye, huuita ugonjwa ulionishika begani kifua kikuu, na jina hilo lilinipoteza. Sikuwa na kikohozi, na picha ya kifua ilikuwa safi. Daktari kijana wa hospitali hii alikwisha andika: baridi yabisi, achomwe sindano ya kutuliza uvimbe. Sindano hiyo ingeuandalia ugonjwa meza.

'M'e 'Mapontšo, aliyeshika trei, akalitazama blanketi langu.

"Ntate, umevaa la mkeo?"

"La kwangu."

"Basi libane begani nikuone."

Nilijaribu. Jasho likanitoka, na ilikuwa Julai, katikati ya baridi.

Akamgeukia daktari. "Mwanangu, kabla ya sindano ya kuingiza, tutumie ya kutoa."

Usaha na kipande cha mfupa vikapelekwa maabara Maseru. Daktari wa upasuaji alikwisha niambia kwamba tukichelewa, kiungo kitaganda, na ubao wa darasani niusahau. Wiki ya sita, vijidudu vya kifua kikuu vikaota huko maabara.

Nikameza dawa mwaka mzima, mbele ya macho yake. Mwezi wa tano wa dawa nilijiona nimepona, nikatoroka, akanifuata darasani. "Nani kakuambia mfupa hupona kwa haraka ya mdomo wako?" Wanafunzi wakapiga makofi.

Daktari yule kijana leo ndiye Mganga Mfawidhi wetu, na huwaagiza wanagenzi wake wamtazame kwanza mgonjwa alivyovaa. Nani kamfundisha?

'M'e, uliniambia, "Siku utakapobana pini begani mwenyewe, nitakuruhusu uende." Utazame mkono huu. Umepanda, pini imekaa. Blanketi hili jipya ni lako, nasi sasa tunakuruhusu uende.

Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunicheka.