Mwalimu Ratiba, Aliyefurahi Kukataliwa

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Ratiba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa injini, mama mshonaji. Alianza darasa la kwanza mwaka 1978, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1994 katika somo la hisabati. Tangu utotoni alikuwa mbishi. Ukimwambia mbili na mbili ni nne, alitaka uthibitishe. Mimi mdogo wake nilikoma naye.

Kazini alikabidhiwa kupanga ratiba ya vipindi, kazi inayokimbiwa na kila mwalimu kwa sababu haina shukrani. Mwaka 2001 aliandika programu ya kompyuta ya kuipanga, akaiacha iwe huria: yeyote aitumie bure, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe. Likizo zake ziliishia katika vyumba vya walimu vya shule za watu, akiinadi. Walimu wakuu walimtilia shaka. Rahisi huvunja upishi, walisema. "Bure? Sasa wewe unakula nini?" Alijibu, "Mshahara, kama wewe."

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu wa historia, dada mmoja mkali. "Programu yako imenipangia madarasa mawili saa ileile. Mimi nina pacha?" Kaka akarekebisha. Dada akarudi na kosa jingine, kisha jingine. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002, wakajaliwa binti na mvulana. Tangu hapo kaka aliwaambia wenzake, "Anayelalamika ni wetu tayari. Mpeni kazi." Jumuiya ya walimu walioitumia na kuirekebisha programu ilikua hivyo, mlalamikaji mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika shule za mbali.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Maumivu aliyavumilia, kilichomnyima usingizi ni jumuiya. Kwa utaratibu wao, rekebisho la mtu hukaguliwa na mwenzake kabla ya kuingia kwenye programu. La kwake halikukaguliwa na yeyote. Likifika tu, linapita. "Wananiheshimu mpaka wanaharibu kazi," aliniambia. "Nikiondoka, nani atathubutu kusema hapana?"

Septemba 2024, akiwa wodini, alituma rekebisho jingine. Jibu lilitoka kwa mwalimu kijana aliyejiunga mwaka huohuo, nami nikamsomea: "Shikamoo Mwalimu. Samahani, hili siwezi kulipitisha. Linafuta vipindi vyote vya Ijumaa."

Mama aliwaka. "Mtu mgonjwa hivi, mnamsumbua na Ijumaa zenu?"

Kaka alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akalia kidogo. Akaniambia niandike: "Marahaba. Uko sahihi. Rekebisha wewe." Hakutuma tena kitu, wala hakuuliza tena habari za jumuiya. Alifariki tarehe 17 Oktoba, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, sisi ndugu zake wanne, na walimu wengi wa shule ambazo hakuwahi kufika.

Pumzika kwa amani, kaka. Darasani kuna mtu wa kusema hapana.