Marehemu Athol na Matofali ya Wafungwa

Ndugu waombolezaji, nahodha, majirani wa Strahan, na ninyi mliokuja na basi kutoka Queenstown, kabla sijaikunjua karatasi hii naomba kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba atakayoyasikia humu chomboni hayatashuka naye gatini, kwa sababu marehemu mdogo wangu aliniapisha nisimwambie mtu, nami nimelitunza neno lake mpaka jana jioni, nilipomwambia mama wa saluni, na yule wa posta aliyekuwa anasubiri zamu, kwa hiyo nawaambia na ninyi, msije mkasema Dulcie anabagua.

Marehemu Athol Maynard alizaliwa Queenstown tarehe 9 Juni 1951, siku ya mvua, ingawa huku kwetu hiyo si habari, akiwa mtoto wa pili wa mchimba shaba Ivor Maynard na mama yetu Elsie, wa kwanza nikiwa mimi ninayewasomea. Alisoma shule ya hapo hapo Queenstown hadi mwaka 1966, akaacha bila kulia, kwa kuwa moyo wake wote ulikuwa kwenye mpira, katika ule uwanja wetu wa kokoto, alikoacha ngozi ya magoti na meno ya mbele.

Alianza kazi ya kukata misonobari ya Huon kule juu ya Mto Gordon, na mwezi Machi 1984 akaajiriwa kutembeza watalii kwa chombo, kuwapeleka msituni na kwenye magofu ya gereza la wafungwa wa zamani katika Kisiwa cha Sarah, jua likiwaka au mvua ikinyesha, na mvua ndiyo iliyonyesha. Tarehe 14 Februari 1976 alikuwa amekwisha kumwoa Noreen Thurley hapa Strahan, wakajaliwa binti mmoja, Glenys, ambaye pai zake za kombe wa baharini na bizari mtazila tukimaliza, na ambazo baadhi yenu mmeshaanza kuzila, nawaona.

Sasa fikeni karibu. Marehemu aligundua kwamba watalii wanaiba matofali kisiwani, yale yaliyofinyangwa na wafungwa, yenye alama ya kidole gumba cha mtu aliyekufa zamani, akaja jikoni kwangu amelowa, akaniambia, "Dada, wanabeba kama kunguru, kisiwa kitaisha." Nikamjibu, "Basi wape ya kubeba." Toka siku hiyo akawa anafinyanga matofali kibandani kwake, anayachoma, anabonyeza gumba lake mwenyewe, anayaweka kando ya njia na kugeuka aangalie ndege, na leo kuna nyumba nyingi Sydney na Melbourne zenye gumba la Athol juu ya kabati.

Lakini matofali ya kweli nayo yakaanza kutoweka, kutoka kwenye gofu la tanuri ya mikate, mahali asipopelekwa mtalii, na shemeji yetu Mervyn Thurley, mwenyekiti wa Chama cha Historia, akamwona Athol alfajiri na mfuko wa matofali, akasimama mkutanoni na kusema, "Shemeji yangu nampenda, lakini mikono yake haitulii." Noreen akamwambia, "Kaka, ungempenda kidogo tu, ningeshukuru." Athol hakuweza kujitetea, maana kupanda matofali ya uongo kwenye magofu nako ni kosa, na nahodha angepoteza leseni, basi akaondolewa kazini mwaka 2021, na watu wakaanza kuvuka barabara wakimwona.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka uliofuata, akalazwa hospitali ya Burnie, na katika kitanda kile hakulilia kufa, alililia jina, akanishika mkono na kusema, "Dada, mwizi ni wa kwetu, na wa kwetu wote watakuja kunizika, niwekee lile tofali langu la mwisho." Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, saa za mchana, Noreen akiwa pembeni yake. Leo asubuhi tuliposhuka kisiwani, nyote mkisema bibi kizee anakimbilia wapi na mkongojo, nilikuwa natangulia kuliweka pakavu ndani ya lile gofu la tanuri, tofali la udongo mbichi lisiloonja moto, lililochanganywa na rangi nyekundu, ambalo likilowa linayeyuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Burnie, majirani walioleta supu hata walipokuwa hawamsalimii, wafanyakazi wenzake, na nahodha aliyekubali kuyapeleka majivu yake mtoni katika hali hii ya hewa. Athol, mdogo wangu, lala salama, maji ya rangi ya chai yakubebe taratibu.

Hapa kwenye karatasi nimeacha nafasi ya jina, niijaze sasa: shemeji Mervyn, Noreen amekubembeleza tangu tuondoke kisiwani uvue koti, ukakataa, na hiyo nyekundu inayotiririka kutoka mfukoni mwako mpaka kwenye viatu vya padri si mvua, kwa hiyo toa mkono, baba, taratibu, na tofali lote, wote tunakuona.