Sista Nozibele na Milango Arobaini na Miwili

Baada ya miaka thelathini na mitano kamili, leo Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, Sista Nozibele Sigonyela anavua beji yake. Kamati ya sherehe ilitafuta daktari wa kuandika wasifu huu, kila daktari akadai ana shughuli. Nikapewa mimi, Galiem Petersen, msukuma machela. Hawakukosea. Shule niliishia darasa la saba, lakini Windhoek kule Namibia nimefika mara mbili, na hakuna lifti katika hospitali hii isiyonitii.

Alianza Machi 1990 akisugua sakafu za wodi. Akasomea uuguzi, na mwaka 1998 akapewa kazi ambayo madaktari wenyewe huikimbia: kukaa na familia ambayo ubongo wa mtu wao umekufa huku mashine ikimpumulia, na kuwauliza kama wataridhia viungo vyake wapewe wengine.

Sisi wa Cape Town tunaringa kwamba moyo wa mtu ulipandikizwa mjini kwetu kabla ya popote duniani, mwaka 1967. Mimi niliwaringia watu wa Windhoek mpaka wakahama meza. Sista hutushusha mabega. Anauliza: miaka ile mweusi na mweupe hawakukaa benchi moja, familia maskini ikiombwa moyo na mkubwa wa kizungu, ingesemaje hapana? "Galiem, kila mtu anamkumbuka aliyeshika kisu," huniambia. "Na aliyetia sahihi huku analia je?"

Ndiyo maana hakuchezea masharti. Kifo kithibitishwe kwanza na madaktari wawili wasio wa timu ya kupandikiza. Mpasuaji mmoja alipoanza kuchungulia kabla ya wakati, Sista alimwambia mbele yetu sote: "Daktari, nenda kanywe chai. Huyu bado ni wa mama yake." Chai ikanywewa.

Sharti jingine ni siri: familia haiambiwi nani kapokea. Nilijaribu kumchokonoa siri hizo kwa maandazi ya shira ya mke wangu Gadija, dazeni kwa dazeni. Akala yote. Hakusema kitu.

Siku yake kubwa ilikuja mwaka 2009. Kijana Lundi Zenani, miaka ishirini na minne, alifia kwetu baada ya ajali. Mama yake alitia sahihi moyo utolewe. Babu yake, Tata Zenani, alikuwa mbali, kijijini Cofimvaba, hakuulizwa. Wiki moja baadaye akatua na jamaa watatu na tawi la mti wa miiba, kuichukua roho ya mjukuu na kuirudisha nyumbani, kama desturi yao. Anayeshika tawi hazungumzi na mtu yeyote ila marehemu. Kwa hiyo mzee alituchamba sote kupitia tawi.

"Lundi, waulize hawa moyo wako wameuficha wapi. Sikupeleki nyumbani nusu. Na mama yako aliyekugawa, tutaonana naye."

Yule mama alikuwa ameegemea ukuta, kajikunja kama nguo iliyokamuliwa. Niliona wazi kwamba mzee akiondoka hajaridhika, ukoo utamlaumu mpaka kaburini. Na Sista akitaja mlango wa chumba alimolala aliyepokea moyo, kazi hana.

Sista akaliinamia tawi. "Lundi mwanangu, mwambie babu siruhusiwi kutaja mlango. Lakini mwambie pia milango ya hospitali hii ni arobaini na miwili, na mimi leo miguu haiumi."

Mzee akaligeukia tawi: "Lundi, mwambie muuguzi huyu atangulie."

Tukatangulia. Lifti yangu hubeba watu wanane. Tulikuwa saba, na mzee akasema, "Ingia, Lundi, nafasi yako hii." Daktari mmoja akaja mbio. "Imejaa," Sista akamwambia. Daktari akatuhesabu kwa kidole, akatuhesabu tena, akapanda ngazi.

Ghorofa tano. Kila mlango mzee alisimama nje, akamwambia mjukuu wake yuko wapi, akampa muda wa kuaga. Mimi macho yalikuwa usoni kwa Sista, mimi ninayewasoma wacheza karata wa mtaa wa Salt River kama gazeti. Hata kope haikucheza. Kwenye mlango wa thelathini na saba mzee akaweka kiganja ukutani.

"Basi, Lundi. Moyo wako uko kazini, tusiusumbue. Wewe twende nyumbani." Kisha, bila kugeuka: "Na mama yako mwambie atushikie mkoba. Tunaondoka naye."

Yule mama akaushika mkoba kwa mikono miwili.

Jumatatu Sista akaitwa mbele ya kamati, ashtakiwe kwa kuvunja siri. Akawapa orodha ya milango yote, wachague aliotaja. Wakaniuliza mimi shahidi, mzee alisimama wapi mwisho. Nikasema ukweli: mlango wa stoo ya mashuka. Mwenyekiti akacheka mpaka miwani ikaanguka, kesi ikafa.

Juzi nilimuuliza mara ya mwisho: unastaafu, Sista, niambie basi ulikuwa mlango gani. Akaniambia, "Galiem, leta maandazi." Nikaleta. Amekula.

Asante, Sista, kwa niaba ya wote uliowauliza taratibu, waliosema ndiyo na waliosema hapana, maana wote uliwapikia chai ileile. Leo saa tisa nitakusukuma kwa kiti cha magurudumu, upende usipende, mlango kwa mlango, yote arobaini na miwili, uage. Stoo ya mashuka tutasimama kidogo. Kisha panda basi la kwenu Qumbu ukalale mpaka jogoo wachoke, na heri ziwe nawe. Ila moyo wako beba wote. Hapa hatuna fomu uliyotia sahihi.