Mkwaruzo wa Grini ya Saba

Mtunza uwanja: Haloo? Ni nani?

Mkaguzi: Simama wima, mtunza uwanja! Unazungumza na Mkaguzi Mkuu wa Viwanja vya Gofu, Miti na Mabonde, ofisi kuu, ghorofa ya juu kabisa—

Mtunza uwanja: Ghorofa ya juu, halafu nasikia cherehani?

Mkaguzi: Ni… taipu. Katibu wangu anachapa.

Mtunza uwanja: Anachapa kwa miguu. Haya, endelea, mheshimiwa.

Mkaguzi: Leo asubuhi nimekagua shimo lako la saba. Mchoraji wa zamani aliyelibuni tunamheshimu. Njia inapinda kushoto kwenye misonobari, kijito mbele ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, mchanga kulia na kushoto. Mchezaji akiteleza kidogo, ama anaoga ama anachimba.

Mtunza uwanja: Umelielewa vizuri. Kama mtu niliyemfundisha mwenyewe.

Mkaguzi: Tuna vitabu. Sasa, ule mkwaruzo nyuma ya grini, wenye umbo la mwezi mchanga, tumethibitisha kuwa ni ukungu, ule ugonjwa wa nyasi. Andika hivyo kwenye ripoti, usimsumbue mtu.

Mtunza uwanja: Ukungu uliochimba udongo kina cha kidole?

Mkaguzi: Ukungu mkali. Wa kigeni.

Mtunza uwanja: Umeuonea wapi?

Mkaguzi: Verandani, hapo klabuni. Nikinywa chai.

Mtunza uwanja: Verandani huoni grini ya saba, mheshimiwa. Mchoraji aliiziba kwa miti makusudi. Na huo mkwaruzo nimeufunika turubai kabla jua halijatoka. [mtandao unakwaruza] Haloo?

Mkaguzi: Sauti inakatika… krrr… krrr—

Mtunza uwanja: Hiyo ya pili umeifanya kwa mdomo.

Mkaguzi: Kidogo tu.

Mtunza uwanja: Sikiliza. Mashindano yanaanza saa nne. Meneja kashaamua, mlinzi anafukuzwa, maana mkwaruzo ni wa mashine ya kukatia nyasi, na ndiye anayeshika ufunguo wa banda lake. Miaka kumi na tisa kazini! Mlinzi yuko hapa, kakalia ndoo, kofia mkononi, na meneja yuko mlangoni.

Mkaguzi: Yule anayeniwekea mipira iliyopotea?

Mtunza uwanja: Huyo huyo. Kumbe anajulikana ofisi kuu? Na ufunguo wangu wa akiba jana ulikuwa kwenye koti, nyumbani kwa dada yangu.

Mpwa: Mjomba.

Mtunza uwanja: Naam, mheshimiwa.

Mpwa: Ni mimi. Nilitaka kukata mstari mmoja tu, ulionyooka kama mistari yako. Kugeuza ndiko kulikonishinda. Kule nyuma mteremko ukaivuta mashine, na visu sikuviinua kwa wakati—

Mtunza uwanja: Mteremko ule ndio mtego wenyewe. Kila mtu anaogopa maji ya mbele.

Mpwa: Utamwambia Mama?

Mtunza uwanja: Hebu sikiliza hapo ulipo. Cherehani yake imenyamaza tangu ulipotaja mipira.

Mpwa: [anageuka] Kweli. Amesimama nyuma yangu. Na rula.

Mtunza uwanja: Pole, mheshimiwa.

Mpwa: Mjomba, mpe meneja simu. Upesi, salio linaisha—

Mtunza uwanja: Meneja, kuna mkaguzi mkuu hapa.

Meneja: Nani tena?

Mpwa: Shikamoo. Si mkaguzi, ni mpwa wa mtunza uwanja. Mimi ndiye niliyeingiza mashine kwenye grini. Mlinzi usimfukuze, hata hakuniona, nilipitia—

[Simu inakatika.]