Shangazi Chembe, Aliyepima Mionzi ya Sayari

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kabla ya wakati wake. Babu alipomwona akasema, "Kachembe haka kataishi kweli?" Kakaishi miaka sabini na moja, na jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako mwalimu wa fizikia alimwomba awaachie wenzake angalau swali moja. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1979.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa anga. Huko alitengeneza kifaa chenye ukubwa wa mkate, cha kuhesabu chembe zenye chaji zinazonaswa na usumaku wa sayari. Chembe hizo zinaweza kuunguza mitambo ya chombo cha anga, hivyo ilibidi wingi wake ujulikane.

Tarehe 3 Aprili 1985, chombo kilichobeba kifaa hicho kilipokaribia mionzi mikali kabisa ya sayari, msimamizi wa safari aliingiwa na hofu.

"Tukizime, dada. Kikiungua hatuna kingine."

"Tumekipeleka kote huko kipime, halafu kikifika tukifumbe macho?"

"Na kikifa?"

"Kitakuwa kimefia kazini. Kiache."

Kikaachwa. Vipimo vikapanda, vikapanda tena, kisha kimya. Chombo kilikuwa kimepita nyuma ya sayari. Shangazi alisimama mbele ya skrini, mkono mdomoni. Mawasiliano yaliporudi, vipimo vyote vilikuwemo. Alivua viatu akacheza katikati ya meza na nyaya. Msimamizi akaja kumpongeza; Shangazi akamuuliza kama amekula.

Walifunga ndoa tarehe 13 Septemba 1986. Mumewe husema tangu siku ile ya chombo hajathubutu kuzima hata taa bila kuomba ruhusa. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kumsumbua. Hata hospitalini alimdadisi mpiga eksirei kuhusu mashine yake hadi foleni ikanung'unika. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni 2022, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake, ambaye ni baba yangu. Jana mjukuu wa mwisho aliuliza kama leo kwenye mazishi tunaruhusiwa kucheka. Babu yake akamjibu, "Tusipocheka, bibi yako atatushangaa."

Lala kwa amani na raha, Shangazi.