Inchi Ngapi Zinamtosha Mzee Pasi

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na limeegemea kibanda changu cha kuchonga funguo, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia. Kushoto yuko Mama Birika na jiko lake la mkaa. Kahawa yake chungu, kikombe kidogo, na ukikikalia sana anakuja kukuchomoa mkononi. Ng'ambo ya mfereji kuna meza ya Mzee Pasi, anayenyoosha nguo za watu. Saa nne asubuhi tunakuwa wanne: mimi, ninayeitwa Funguo; Waya, fundi wa umeme; Shahidi, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye hakuwepo; na Mzee Pasi mwenyewe, anayekaa mwisho wa benchi, upande wa tofali. Miaka kumi na moja sasa. Sisi watatu tunaongea, yeye anakunywa, akimaliza anasema ahsanteni, anarudi kwenye pasi yake.

Alhamisi hiyo hakurudi. Alizungusha kikombe chake kitupu mkononi, akakohoa kidogo.

— Wenzangu, nataka kununua tivii na deki. Pesa yangu ndogo. Ninunue ipi?

Tulitazamana. Mtu ambaye hajawahi kutuuliza hata saa ngapi, leo anatuomba ushauri! Waya akavuta suruali juu, akakaa vizuri, nikajua asubuhi yangu ya kazi imekwisha.

— Mzee Pasi, umefika penyewe, Waya akaanza. Kwanza futa deki akilini. Siku hizi ni flashi. Unachomeka nyuma ya tivii, basi, unakula raha.

— Nataka deki.

— Ya nini sasa?

— Nataka deki tu, bwana.

— Haya, deki. Basi sikiliza. Usidanganywe na hizi bapa za dukani. Nyingi hazina matundu matatu, lile jekundu, jeupe na la njano. Utafika nyumbani na deki yako, waya unaning'inia, huna pa kuuchomeka. Wewe tafuta ya chogo, ya mtumba. Tivii ya chogo ni mashine! Ina uzito. Mwizi akiibeba anafika kona ile pale, anaitua, anaomba maji.

— Acha kumpotosha mzee wa watu, nikasema mimi, na tupa yangu mkononi. Mtumba hauna garantii. Anunue bapa mpya, ndogo, yenye karatasi yake. Kwangu ninayo ya inchi ishirini na nne, mwaka wa sita huu, haijapiga chafya. Deki iko chini yake, mke wangu ameifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

— Inchi ishirini na nne! Shahidi akacheka mpaka kahawa ikamrukia. Hiyo ni tivii au kioo cha kunyolea ndevu? Mzee Pasi, una miaka mingapi?

— Sitini na nane.

— Basi inchi sitini na nane.

— We Shahidi!

— Macho yanachoka kwa mwaka, inchi zinapanda kwa mwaka. Hayo aliniambia daktari wa macho, mimi nilikuwepo, nimekaa hivi, yeye hivi.

— Daktari gani atakwambia upuuzi huo?

— Amehama.

Mzee Pasi alikuwa anamsikiliza kila mmoja kwa zamu, anageuza shingo, anatikisa kichwa kama mtu anayekariri. Nilimwona akihesabu kitu kwa vidole kwenye goti lake.

— Pesa niliyo nayo, akasema taratibu, inatosha tivii mpya bila deki. Au vyote viwili vya mtumba, lakini muuzaji hakubali nivijaribu.

— Hakubali? Basi hiyo tivii imekufa, nikasema.

— Haijafa, imezimia, Shahidi akasema. Zipo. Shemeji yangu alinunua moja ina picha haina sauti. Akaenda akanunua nyingine ina sauti haina picha. Akapandisha moja juu ya nyingine, nyumba nzima ikaangalia mpira mwaka mzima. Ila siku ya fainali walizisogeza vibaya. Picha ilikuwa mpira, sauti ilikuwa mazishi ya waziri. Watu walilia kwa goli lililofungwa na timu yao wenyewe.

— Muongo wewe!

— Nilikuwepo! Nililia!

Hata Mama Birika alicheka, na huyo mama kucheka kwake ni kwa mwaka mara moja. Wakati huo dada mmoja alikuwa amefika kibandani na ufunguo wa mlango anataka wa pili. Mgeni, amehamia mtaani juzi. Nikamwonyesha kreti akae, nikaufunga ufunguo wake kwenye jiliwa, lakini masikio yangu yalikuwa benchini.

— Sikilizeni, Waya akasema. Zipo tivii zina mdomo wa deki humohumo tumboni. Kitu kimoja, rimoti moja. Ndiyo hiyo anunue.

— Ikiharibika deki, unaipeleka kwa fundi na tivii yake, nikamjibu. Unabaki na nini? Unabaki unaangalia msumari ukutani.

— Ataleta kwangu! Mimi mwenyewe kwangu nina deki mbili. Moja tunatumia, nyingine iko juu ya kabati mwaka wa tatu, inakula vumbi tu, nzima kabisa. Najua deki kuliko ninavyowajua wanangu.

— Kwangu ndiyo usiseme, Shahidi akadakia. Jumamosi watoto wa nyumba ya pili, ya tatu, wote wanajaa sebuleni kuangalia. Mpaka namkanyaga mtu nikienda kulala. Bapa, chogo, nimekuwa nazo zote. Na mnajua kwa nini bapa zinakufa haraka? Rangi zimebanwa. Chogo lile lilikuwa na nafasi, rangi zinapumua kule nyuma...

— Rangi zinapumua! Toka hapa!

Tukaendelea hivyo, nisiseme uongo, karibu nusu saa. Shahidi akafika mahali pa kudai kwamba deki ikinyimwa sidii muda mrefu inapata njaa, ndiyo maana ukiipa inaigomea au inaitafuna. Waya akasema dawa yake ni kuipiga kofi upande wa kushoto. Mimi nikasema kulia. Tukagombana kweli, kushoto au kulia, mpaka Mama Birika akatupigia kifuniko cha birika.

— Na huyo mwenye shida mmemsikiliza? akauliza. Mzee Pasi, tivii ya nini ghafla hivi?

Mzee Pasi akaingiza mkono mfuko wa shati. Akatoa leso iliyonyooshwa, pembe kwa pembe. Akaikunjua juu ya goti. Ndani kulikuwa na sidii, imeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mwanamke.

— Harusi ya binti yangu, akasema. Aliolewa mbali. Mimi wakati ule mguu ulikuwa kwenye plasta, sikuweza kusafiri. Mdogo wangu ndiye aliyesimama badala yangu. Binti akaniletea hii.

— Lini hiyo? Waya akauliza.

— Mwaka wa tatu sasa.

— Na hujaiona?

— Sina pa kuiangalia. Mama yake alipofariki niliuza vitu vya ndani, nikabaki na kitanda na meza. Binti kila Jumapili ananipigia. Mwanzoni aliniuliza, baba, umeiona? Nikamwambia nimeiona mama, ulipendeza sana. Basi nikawa nimesema hivyo. Sikuweza kurudi nyuma.

Akaipangusa sidii kwa ncha ya leso, ingawa haikuwa na doa.

— Sasa Jumapili hii iliyopita kaniambia anakuja. Kesho kutwa, na mumewe na mtoto. Halafu akaniuliza, baba, pale niliposimama kukutaja wewe mbele za watu, ulijisikiaje? Nikamwambia nilifurahi. Akasema, ulifurahi tu, baba? Nikamwambia salio linakwisha, nikakata simu.

Mama Birika akakirudisha kifuniko kwenye birika.

— Kwa hiyo alisema kitu, Mzee Pasi akaendelea. Mbele ya watu wote wale alisema kitu juu yangu, na mimi sikijui. Akija akiniangalia machoni atajua. Ndiyo nikasema niulize, ipi inafaa, niinunue leo, nisikie kabla hajafika.

Shahidi akafungua mdomo. Nilitegemea aseme alikuwepo harusini. Akaufunga.

— Basi, Waya akasema, sauti imeshuka, basi chukua ya mtumba, mzee wangu. Tutaenda pamoja, nitaitazama mimi...

Yule dada kwenye kreti akainua uso. Alikuwa ametulia muda wote, mkoba mapajani. Hakusema kwa ukali wala kwa dharau, nataka ieleweke hivyo. Aliuliza kama mtu mgeni anavyouliza njia.

— Samahani wazee wangu. Nimesikia nyote mna deki nyumbani. Kwa nini baba hajaenda kuiangalia kwa mmoja wenu?

Mashine yangu ilikuwa inazunguka bila kukata kitu. Nikaizima.

Waya aliangalia viatu vyake. Shahidi alinyanyua kikombe kitupu akakinywa. Mimi nilitafuta la kumjibu yule dada, nikapata moja tu: kwamba sisi hapa tuna desturi yetu, ya nyumbani hayaji benchini na ya benchini hayaendi nyumbani. Tuliiweka zamani, baada ya ugomvi fulani wa wake zetu, tukaiona ni busara kubwa. Nikaijaribu kichwani kuisema kwa sauti, mbele ya leso ile. Nikaona haya. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, mtu mzima mimi.

— Sikutaka kuwasumbua, Mzee Pasi akamwambia yule dada, haraka, kama anatutetea. Hawa ni watu wana familia.

Heri angetutukana.

— Mama Birika, niangalizie kibanda, nikasema. Dada, ufunguo wako nitakupa nikirudi, na hutatoa kitu. Mzee Pasi, inuka twende kwangu. Sasa hivi. Tukaiangalie yote, tangu mwanzo, na pale penye maneno yake tutaparudia mpaka uchoke.

— Sasa hivi? Nina mashati ya watu.

— Yatangoja.

— Mkeo hatakasirika?

— Akasirike.

Akaifunika sidii, pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni, akafunga na kifungo. Akasimama. Akajipangusa suruali, akainyoosha kola yake kwa vidole viwili, mtu anayekwenda ugenini. Halafu akasimama palepale, anatazama upande wa juu wa mtaa, akatazama upande wa chini.

— Kwako ni upande gani, Funguo?

Nilinyoosha mkono tu. Nyumba yangu inaonekana kutoka benchini, ukikaa upande wa tofali, anapokaa yeye, ndiyo iliyo mbele ya macho yako.

— Ule mlango wa kijani, nikasema.

— Ule? akasema Mzee Pasi. Mimi jirani zako hapo nawapelekea mashuka yao kila Jumatano.