Mama Densiti, Aliyepima Vyuma kwa Kalamu

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, binti wa kwanza wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1977, msichana pekee darasani.

Januari 1978 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha na kusubu vyuma. Vipande vikubwa havikuenea kwenye mizani. Yeye alivipima kwa tepu, akapata ujazo, akazidisha kwa densiti ya metali husika. Jibu ndilo uzito. Kreni haikunyanyua kitu bila saini yake. Wakambandika jina la Mama Densiti angali hana hata mchumba.

Tarehe 3 Agosti 1982 lililetwa bonge kuukuu lililopakwa rangi ya kijivu. Hati ilisema ni chuma. Ujazo ulikuwa nusu meta ya ujazo. Akazidisha kwa 7,200, densiti ya chuma, akapata kilo 3,600, akasaini. Alipokuwa akikunja tepu, ncha yake ilikwaruza rangi, na chini yake pakachimbika kama sabuni. Haikuwa chuma, bali metali ya risasi, ambayo meta moja ya ujazo ina kilo 11,340. Bonge lilikuwa na kilo 5,670, na kreni ilikuwa ya tani tano.

Minyororo ya kreni ilikuwa imeshakazwa. Kusema kulikuwa kujianika mbele ya mafundi waliosubiri kwa miaka minne ateleze. Kunyamaza kungeipindua kreni pamoja na dereva wake.

“Zima, kaka. Nimekosea hesabu.”

“Wewe? Umekosea?”

“Mimi. Shuka kwanza, unicheke ukiwa chini.”

Mafundi walimcheka wiki nzima. Dereva hakucheka. Yeye na marehemu walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984, na bwana harusi alipoulizwa kwa nini amemchagua yule, alijibu kwamba wasiokosea wapo tele kazini. Tangu bonge lile marehemu hakuamini rangi; hata sufuria za zawadi ya harusi alizikwaruza.

Alistaafu mwaka 2016. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akavumilia bila makelele. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, wodini, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, dereva mstaafu wa kreni. Watoto watatu, akiwemo binti anayewasomea haya. Na wajukuu saba. Siku ile ya Agosti hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo duniani, isipokuwa yule aliyekuwa juu ya kreni.

Pumziko lake na liwe la amani.